Simu ya Amin niliyoinunua Busia

"Hii ilikuwa simu ya Amin," Hajji aliniambia, akaipangusa kwa pindo la kanzu. "Usiishike hivyo, mwanangu. Hii ilikaa Ikulu."

Nilikuwa Busia, upande wetu wa Uganda, nimekwenda kutafuta transfoma ya redio ya mbao ya mteja mmoja wa Tororo. Kibanda cha Hajji kina pasi za mkaa, saa za ukutani zisizotembea, taa za kandili na sanduku moja la vitu ambavyo hata yeye mwenyewe hana jina lake. Simu ilikuwa chini kabisa ya sanduku hilo. Nyembamba, rangi mbili za buluu, moja iliyopauka juu na moja iliyokoza chini. Mkonga wake haukukaa kikingamo kama simu tulizozoea ofisini. Ulilala kwa urefu juu ya mwili wa simu, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Mbele kulikuwa na vitufe kumi. Si kumi na viwili: kumi. Hakuna nyota, hakuna alama ya reli (#).

Kwanza niliigeuza. Hilo ndilo ninalotaka ulishike hata kama hutasoma zaidi: mwenye kuuza anakupa hadithi, lakini tumbo la simu lina maandishi. Soma tumbo kabla hujatoa pesa, na kabla hujaleta bisibisi.

Tumboni niliona namba 786, herufi ndogo za kiwanda, kisha 80/2. Hajji naye akaiona ile 786. Wasomaji Waislamu wamekwisha elewa. Kwa wengine, hizo ni tarakimu ambazo watu wengi huziandika juu ya barua au mlangoni mwa duka badala ya kuandika Bismillahi kamili. "Unaona?" akasema. "Hii ina baraka." Bei ikatoka shilingi 80,000 ikapanda 100,000 papo hapo, bila mimi kusema neno.

Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ile 80. Kwenye simu za Uingereza za miaka ile, sehemu hiyo ya maandishi ni mwaka. Amin aliondoka Kampala Aprili 1979. Nikamwuliza, kwa adabu, simu iliyotengenezwa 1980 ilimpata wapi mzee yule, au alipigiwa Saudia? Hajji akacheka mpaka akakaa chini. Nikaipata kwa 35,000.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakaa nayo vizuri. Namba 786 katika orodha ya Posta ya Uingereza, iliyoendesha simu za huko wakati ule, ni toleo la vitufe la simu iliyoitwa Trimphone. Jina hilo linatokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya modeli inayolia kwa mlio na yenye mwanga. Ilichorwa na Martyn Rowlands, ikatoka katikati ya miaka ya 1960, na ilitengenezwa na kampuni ya STC, ambayo umbo hilohilo ililiita Deltaphone. Haina kengele ya shaba ndani. Ina kifaa cha umeme kinachotoa mlio wa kutetemeka, unaoanza chini na kupanda, na huko Uingereza ilijulikana sana kwamba ndege walijifunza kuuiga, watu wakawa wanakimbilia simu ambayo haijalia.

Toleo la kwanza lilikuwa la kuzungusha, na nyuma ya sahani ya namba kulikuwa na mrija mdogo wa kioo wenye gesi ya tritiamu, ili namba zionekane gizani. Tritiamu ina mnururisho. Hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, kwa hiyo mrija wa mwaka 1970 sasa umebaki na chini ya sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu zake. Hata hivyo, ukikuta ile ya kuzungusha, usiuchokonoe wala kuuvunja mrija huo, na usimwachie mtoto. Yangu ya vitufe haina.

Sasa fikiria jambo hili, maana ndilo lililonifanya niipende. Wakati huo Mwingereza hakununua simu. Aliikodi, na ilibaki mali ya Posta. Mlango wa watu kununua simu zao wenyewe ulianza kufunguliwa kwa sheria ya 1981. Hapa kwetu ilikuwa vilevile: chombo mezani pako kilikuwa mali ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ilipovunjika 1977, kisha kikawa mali ya shirika letu la Uganda. Simu yenye namba ya Posta ya Uingereza haikuletwa Busia na fundi wa serikali yetu. Kuna mtu, labda mwanafunzi aliyemaliza masomo au mfanyakazi wa shirika fulani, aliyefungasha masanduku yake kule London au Leeds na kuondoka na mali ya Posta ya Malkia. Ndivyo ninavyoisoma mimi.

Usitegemee tarehe moja. Fungua mkonga utazame kikombe cha kusikilizia. Mara nyingi kina tarehe yake. Simu hizi zilikuwa zikirudishwa karakana, zinaoshwa, zinabadilishwa sehemu na kutolewa tena, kwa hiyo moja yaweza kuwa na tumbo la mwaka huu na sikio la mwaka ule. Mimi huchukua tarehe iliyo ya karibuni zaidi kuwa mwanzo wa simu ilivyo sasa. Ya kwangu zote zilikuwa kati ya 1979 na 1980, jambo lililonipa moyo kwamba haijachanganywa.

Kuna kingine cha kutazama kwa haraka. Kwenye maduka ya mapambo Kampala utauziwa "simu ya mkoloni" ya rangi ya dhahabu, yenye vitufe vilivyopangwa duara vifanane na sahani ya kuzungusha. Tafuta kitufe cha kurudia namba ya mwisho, na tundu la plastiki la kuchomekea waya nyuma. Ukiviona, ni simu ya juzi iliyovaa kofia ya babu. Nunua kama ni pambo, lipa bei ya pambo.

Ila vitufe kumi vina maana yake pia. Watu hudhani kila simu ya vitufe hutoa milio, ile ya ti-tu-ti. Milio hiyo Wamarekani walianza kuwauzia wateja wao Novemba 1963, kule Pennsylvania, na kila kitufe ni sauti mbili kwa pamoja: tano, kwa mfano, ni hezi 770 na hezi 1336. Kwanza simu zao zilikuwa na vitufe kumi. Nyota na reli zilikuja 1968. Lakini vituo vingi vya simu vya Uingereza, na vya kwetu, vilikuwa bado vya mtindo wa Strowger, mitambo ya vyuma inayopanda hatua moja kwa kila pigo la umeme. Strowger mwenyewe alikuwa mzika maiti wa Kansas City aliyeamini kuwa opareta wa mji anawapeleka wateja wake kwa mshindani, akabuni mtambo usiohitaji opareta. Mtambo huo hauelewi milio. Unaelewa laini kukatika na kuunganika.

Kwa hiyo simu kama yangu ina vitufe vya kisasa na ulimi wa kizee. Unabonyeza, yeye anaweka akilini, halafu anapiga mapigo kumi kwa sekunde, polepole, kwa mwendo wake. Sufuri ni mapigo kumi, sekunde nzima. Piga 0414 ya Kampala: mapigo kumi, manne, moja, manne, na pumziko katikati. Umemaliza kubonyeza namba yote, umeegemea kiti, na yeye bado anaendelea tak-tak-tak sikioni mwako. Namba ya tarakimu kumi inamchukua sekunde zaidi ya kumi. Mke wangu, aliyeijaribu siku ya kwanza, aliuliza kama imekufa.

Kabla ya kufungua, ipime. Watu wengi huichomeka ukutani moja kwa moja, na hapo ndipo moshi unapotoka. Laini ya simu ina volti 48 hivi za betri, na kengele inapolia inaletewa volti 75 hadi 90 za umeme wa kubadilikabadilika. Usiishike waya tupu wakati mtu anaweza kukupigia. Haitakuua, lakini utaitupa simu ukutani. Niamini.

Mimi napimia kwa betri mbili za pikipiki zilizounganishwa mfululizo, volti 24, na rezista ya om 470 ya wati moja ikiwa katikati ili umeme usizidi. Kijana wa boda boda jirani yangu ananikopesha yake jioni akishafunga kazi. Kwenye waya wa simu hizi za Uingereza utakuta rangi nne: nyekundu, nyeupe, buluu na kijani. Nyekundu na nyeupe ndizo laini. Unganisha, nyanyua mkonga, puliza kwenye kipaza. Ukijisikia sikioni mwako, nusu ya kazi imekwisha. Ikinyamaza, geuza waya mbili kisha ujaribu tena. Buluu ni ya mlio, na mara nyingi lazima iungane na mojawapo ya zile mbili pale kwenye kisanduku cha ukutani. Nimeona watu wawili waliotangaza kuwa simu zao "hazilii, zimeungua", kumbe waya wa buluu unaning'inia.

Yangu nilipoipuliza, nilijisikia, kwa mbali, kama niko ndani ya pipa. Nikabonyeza moja: pigo moja. Mbili: mawili. Tatu: matatu. Nne: kimya. Tano mpaka sufuri, sawasawa. Nikaandika kwenye daftari: nne kimya, sauti ya pipa. Andika. Ukishafungua kila kitu utasahau ugonjwa wa kwanza ulikuwa upi na upi umeusababisha wewe.

Sauti ya pipa ni ugonjwa wa kipaza cha zamani. Ndani yake kuna punje za kaboni, na sauti yako huzibana na kuziachia. Zikikaa miaka kwenye unyevu wa huku kwetu zinashikamana kama chumvi ya jikoni wakati wa mvua. Wazee walijua dawa bila kujua sababu: walikuwa wakigonga mkonga kwenye kiganja kabla ya kusema "halo". Nilikitoa kikombe, nikakigonga pembeni kwa mpini wa mbao wa bisibisi, taratibu, huku nikikizungusha, kama dakika tano. Nilipokirudisha, mtu aliyekuwa ndani ya pipa alikuwa ametoka nje. Usikitoboe, usikitie mafuta, usikioshe.

Kisha nikafungua. Tumia bisibisi inayojaa kwenye kichwa cha skrubu, maana skrubu za Kiingereza za wakati ule zina nyuzi za vipimo vyao wenyewe na hutazipata za mfano wake hapa Tororo. Kila moja ibandike kwenye kipande cha katoni mahali ilipotoka. Piga picha kila waya kabla ya kuutoa. Hiyo ni hatua rahisi kuliko zote, na mimi ndiyo ninayoiruka nikiwa na haraka.

Ndani, kona ya kulia, kulikuwa na nyumba ya nyigu. Udongo mgumu mwekundu wenye vyumba vitatu, umejengwa juu ya bodi ya umeme kana kwamba waliipimia. Vinyesi vya mende kila mahali. Ganda moja la yai la mjusi. Vumbi letu jekundu lilikuwa limeingia hata mahali ambapo hewa haipiti. Kishawishi ni kuchukua hewa ya kompresa pale kwa fundi wa matairi ukapuliza yote kwa dakika moja. Usifanye hivyo: udongo wa nyigu ukivunjika kwa kishindo unang'oa waya mwembamba kama unywele. Niliulowesha kwa tone moja moja la spiriti kwa kijiti cha pamba, ukalainika, ukatoka kwa kijiti cha meno. Ilinichukua jioni nzima na mechi moja ya redioni.

Chumba cha tatu cha nyigu ndicho kilichokuwa kimekaa karibu na kitufe cha nne. Niliposafisha hapo, nikapuliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, nikakibonyeza mara mia hivi nikiongea na jirani. Mapigo manne yakarudi.

Swichi inayoshikwa na mkonga ukiukalisha, ile inayokata simu, ina visahani vyembamba vya chuma vinavyogusana. Msasa ni sumu hapa, maana vimepakwa ngozi nyembamba ya madini mazuri, na msasa unaiondoa. Kata karatasi nyeupe ngumu, hata kadi ya harusi ya mwaka jana, ichovye spiriti, ipitishe katikati ya visahani vikiwa vimegusana, vuta. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Rudia mpaka itoke safi.

Na kama simu yako ya vitufe ni ya miaka ya 1970, tafuta betri kabla ya chochote kingine. Baadhi ya simu za mwanzo za aina hii zilikuwa na betri ndogo za kuchajiwa ndani, za kulisha akili ya vitufe, na betri hizo hutapika. Nimepoteza simu moja hivyo: utandu wa kijani ulikuwa umekula njia za shaba kwenye bodi hadi zikawa kama mchoro uliofutwa kwa mpira. Ningeitoa betri miaka miwili mapema, nilipoinunua, ingekuwa inafanya kazi leo. Niliiweka kabatini "nitaishughulikia".

Waya wa mkonga, ule wa kujikunja, wa kwangu ulikuwa umekauka na kupasuka kila mkunjo. Hapa kuna mtego. Ukiukata utakuta ndani si nyaya za shaba za kawaida bali nyuzi za kitambaa zilizozungushiwa utepe mwembamba wa shaba, ili upinde mara elfu bila kukatika. Ukiupeleka kwa fundi wa kawaida atatia risasi, risasi haitashika, ataongeza moto, uzi utaungua. Waya huu haulehemiwi. Unabanwa. Tafuta vishikizo vidogo vya shaba, vile vya kwenye nyaya za pikipiki, kunja uzi mara mbili, bana kwa koleo mpaka usitoke ukiuvuta. Mimi nilichukua waya wa simu ya mezani ya Kichina kutoka Kampala, nikakata vichwa vyake vya plastiki, nikabana vishikizo vya kuingia kwenye skrubu za zamani. Rangi yake ni nyeusi na simu ni ya buluu. Nimezoea.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Ubavuni mwa simu kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe ya mafuta, yameandikwa kwa mkono na brashi, kama watu wa ofisi wanavyoandika kwenye viti ili visiibwe. Yalikuwa yamefifia na kufunikwa na uchafu. Nilisafisha simu yote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kufulia, kwa brashi ya meno, vizuri kabisa. Yale maandishi hayakutoka. Nami, bila kuwaza, nikachukua kitambaa chenye thina.

Thina inatoa rangi ya mafuta. Pia inayeyusha plastiki hii. Kwa sekunde mbili kitambaa kiliteleza, kisha kikashika, na nilipokiondoa ubavu ulikuwa umegeuka ute, na maandishi yamekuwa ukungu mweupe. Nilikuwa nimeharibu ganda na kufuta ushahidi kwa mpigo mmoja. Yale maandishi yangeniambia simu ilikuwa ofisi gani, mji gani, na mwenye masanduku ya London alikuwa nani. Nilikuwa na picha moja niliyoipiga Busia ili nimtumie rafiki yangu. Nikaikuza kwenye skrini: herufi T, herufi O, na baada ya hapo kidole gumba cha Hajji.

Kwa hiyo: lebo, rangi ya mkono, kibandiko cha karatasi, namba ya penseli ndani ya ganda, chochote kilichoandikwa na binadamu, kiache. Piga picha ya karibu, kwa mwanga wa pembeni, kabla hata ya sabuni. Uchafu unatoka wakati wowote. Maandishi yakitoka hayarudi.

Ute ulipokauka niliusawazisha kwa msasa laini kabisa wenye maji, kisha dawa ya meno nyeupe na kitambaa cha fulana, mizunguko midogo, jioni tatu. Ukiitazama kutoka mlangoni huoni kitu. Ukiishika unaona.

Juu, ile buluu iliyopauka ilikuwa imeingia umanjano, kama ukurasa wa gazeti uliokaa dirishani. Plastiki hizi huchomwa na jua na joto. Dawa inayotajwa kila mahali ni haidrojeni peroksaidi pamoja na jua, na inafanya kazi, ila wanaoisifu wengi wanaishi mahali ambapo jua ni mgeni. Sisi tuko jirani na mstari wa ikweta. Mara ya kwanza nilipaka krimu ya saluni, ile ya kung'arisha nywele yenye asilimia 12, nikaifunga simu kwa nailoni na kuiweka juu ya bati saa sita mchana. Krimu ilikauka mahali na kububujika mahali. Nikapata simu yenye mistari kama punda milia, na ukingo mmoja umepinda kwa joto la bati.

Mara ya pili nilitumia ya majimaji ya duka la dawa, asilimia 6, nikalizamisha ganda lote ndani ya chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, kivulini kwanza, kisha kwenye jua la saa mbili asubuhi mpaka saa nne. Nililigeuza kila nusu saa. Nikarudia siku tatu. Mistari ilififia, umanjano ukatoka, ingawa si wote. Vaa glavu na miwani. Ikikugusa kidole kinakuwa cheupe na kuwasha. Usizamishe chuma, wala sehemu yenye maandishi, wala plastiki iliyokoza rangi, maana inaweza kupauka mabaka. Na ujue kuwa umanjano hurudi baada ya muda. Kama simu yako imekuwa njano sawasawa pande zote, mimi ningeiacha.

Mtu ataniuliza: baada ya yote hayo, utaichomeka wapi? Swali halali. Simu za mkononi zilipofika, Celtel 1995 na MTN 1998, laini za nguzo zilianza kufa, na mtaa wangu nguzo zimebaki za kuanikia nguo. Kuna visanduku vinavyoingizwa laini ya SIM na kutoa tundu la simu ya mezani, na kuna adapta za kupiga simu kwa intaneti. Vingi vinasikia milio tu. Simu ya mapigo ukiichomeka humo itapokea, mtazungumza vizuri, lakini kupiga haitaweza. Muulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama kifaa kinakubali upigaji wa mapigo. Akikutazama kama mwenda wazimu, soma mwenyewe maelezo yake. Mimi nilipata adapta yenye matundu mawili inayokubali. Tundu moja liko karakana, jingine nyumbani, na waya wa mita 40 umepita juu ya banda la kuku.

Siku ilipolia mara ya kwanza nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu. Ule mlio unaanza mdogo, kama ndege aliye mbali, unapanda. Nilitazama dirishani kwanza. Mke wangu alikuwa upande wa pili na simu nyeusi ya kawaida. "Chakula," akasema, akakata.

Mwezi uliopita nilirudi Busia nikiwa na ile picha, nimwulize Hajji kama anakumbuka kilichoandikwa chini ya kidole chake, au angalau nani alimletea lile sanduku. Aliishika simu yangu ya mkononi mbali na macho, akaitazama picha kwa makini sana, akanirudishia.

"Ah, ile," akasema. "Ile ilikuwa ya Obote."

Mwaka, angalau, unakubali.